Usawa na Utulivu: Historia ya Kuongoza Nguvu za Simu kwa Nadharia ya Michezo

Katika mwaka wa 1911 tabibu mmoja wa Kifaransa wa magonjwa ya masikio, pua na koo, Étienne Lombard, alitangaza jambo ambalo wachunguzi wa matamshi walijua kwa jina lake hata leo. Alimpigia mgonjwa kelele sikioni huku mgonjwa akisema, akaona ya kuwa sauti ya msemaji hupanda yenyewe kelele zianzapo na hushuka yenyewe zikomapo, wala msemaji hana habari kwamba ameipandisha. Lombard alilitumia jambo hili kuwafichua watu waliojisingizia uziwi, maana kiziwi wa kweli hapandishi sauti kwa kelele asizozisikia. Lakini lina maana nyingine, iliyo dhahiri kwa kila mtu aliyepata kuketi katika karamu ya arusi. Huyu hupandisha sauti ili asikiwe na jirani yake. Sauti hiyo ni kelele kwa wale wa pembeni, nao hupandisha zao. Wa kwanza huona amefunikwa, akapandisha tena. Mwisho wake nyumba nzima yapiga kelele, na hakuna asikiwaye vizuri kuliko alivyosikiwa hapo mwanzo. Pumzi zimepotea bure.

Simu za mkononi zilizo chini ya mnara mmoja zimo katika hali iyo hiyo, na pumzi yao ni betri. Yafaa basi kwanza kutenga maneno mawili ambayo lugha ya kila siku huyachanganya. Nguvu na nishati si kitu kimoja. Waandishi wa fizikia kwa Kiswahili wamelitwaa neno nishati, ambalo katika Kiarabu lina maana ya uchangamfu, wakalifanya jina la akiba ya uwezo wa kutenda kazi. Na nguvu, kwa maana inayohusika hapa, ni kasi ya kuitumia akiba hiyo. Mfano wake ni mtungi: nishati ni maji yaliyomo, nguvu ni wepesi wa maji kumwagika. Simu ikisema kwa nguvu nyingi mtungi hukauka mapema. Ikisema kwa nguvu haba mno, maneno hayafiki na hulazimika kuyarudia, na kurudia nako hukausha mtungi. Mahali pa katikati, ambapo maneno mengi kabisa hufika kwa kila tone, ndipo walipopatafuta wahandisi. Katika kutafuta huko walianza na wazo la usawa wakafikia wazo la utulivu; na mawazo haya mawili, ambayo kwa msomaji wa haraka ni kama ndugu, yaliachana njiani.

Mtandao wa kwanza wa biashara wa simu za namna hii katika Marekani ulifunguliwa Chicago tarehe 13 Oktoba 1983. Msingi wake ulikuwa wazo lililoandikwa katika maabara ya Bell tangu mwaka wa 1947: mji hugawanywa katika maeneo madogo, kila eneo na mnara wake, na mawimbi yaliyotumiwa katika eneo moja hutumiwa tena katika eneo jingine lililo mbali kidogo. Ndivyo mawimbi machache yanavyowatosha watu wengi. Lakini kutumia tena ni kuingiliana. Msemaji wa eneo hili husikika, ingawa kwa unyonge, katika eneo lile ambalo mwingine anatumia mawimbi yayo hayo, na kinachoamua kama maneno yatafahamika si ukubwa wa sauti peke yake, bali ni uwiano wa sauti hiyo na jumla ya sauti nyingine zote pamoja na mvumo wa chombo chenyewe. Uwiano huo ndio mhusika mkuu wa habari zifuatazo.

Hesabu ya kwanza ya kuwagawia wasemaji nguvu haikutoka kwa watu wa simu bali kwa watu wa setilaiti. Katika mwaka wa 1973 Joseph Aein aliandika katika jarida la kampuni ya COMSAT juu ya mitambo inayoshiriki mawimbi, akauliza: kila mmoja apewe nguvu kiasi gani ili wote wapate uwiano mmoja? Swali hili lina jibu zuri, na jibu lilikuwa limekwisha kuwekwa na Wajerumani wawili wasiokuwa na habari za redio, Oskar Perron katika 1907 na Georg Frobenius katika 1912, walipochunguza majedwali ya namba zisizo hasi. Kutokana na kazi yao hufahamika ya kuwa pana ugawaji mmoja tu wa nguvu unaowasawazisha wote, na kwamba uwiano utokanao nao ndio mkubwa kuliko wote uwezao kuhakikishiwa aliye mnyonge kabisa. Nettleton na Alavi waliihamisha hesabu hiyo katika simu za mkononi mwaka wa 1983, na Jens Zander wa Stockholm akaikamilisha katika 1992.

Zander hakuficha makali yaliyomo katika usawa huo. Ikiwa uwiano wa wote, ukisha kusawazishwa, haufiki kiasi cha kufahamika, basi wote ni sawa katika kutosikiwa. Dawa aliyoitoa ilikuwa kuwaondoa baadhi ya wasemaji, mmoja mmoja, mpaka waliobaki wafahamike. Tena hesabu yake ilihitaji mtu mmoja ajuaye hali ya kila njia kati ya kila simu na kila mnara, naye awaamrishe wote. Katika mji mkubwa mjuzi kama huyo ni shida kumpata, na mwaka uliofuata Zander mwenyewe alishirikiana na Grandhi, Vijayan na David Goodman katika makala yaliyoitumia njia hiyo ya amri ya kati. Jina la Goodman likumbukwe, kwa maana ndiye atakayeiacha njia hii baadaye.

Mwaka huo huo wa 1993, Gerard Foschini na Zoran Miljanic, wote wawili wa maabara ya Bell, walionyesha ya kuwa mjuzi wa yote hahitajiki. Kila simu ipewe uwiano wa kulenga. Ijue tu uwiano inaoupata sasa. Kisha izidishe nguvu yake kwa kadiri ya upungufu. Aliyepata nusu ya alichotaka azidishe mara mbili. Aliyepata mara mbili apunguze nusu. Hayo tu. Hakuna anayeuliza habari za jirani, na hata hivyo, kama malengo ya wote yawezekana kutimizwa pamoja, hatua hizi huwafikisha wote kwenye malengo yao, na kwa nguvu ndogo kuliko zote ziwezazo kutosha. Kama hayawezekani, nguvu hupanda bila kikomo isipokuwa kile cha chombo chenyewe: ndiyo karamu ya arusi iliyoelezwa hapo juu, imeandikwa kwa hesabu. Roy Yates wa chuo kikuu cha Rutgers alizikusanya kanuni za namna hii katika 1995 na kuonyesha kwamba nyingi ni za ukoo mmoja.

Wakati wanahisabati wakiandika haya, kampuni ya Qualcomm, iliyoanzishwa San Diego mwaka wa 1985, ilikuwa inashindana na ulimwengu mzima wa simu juu ya mtindo uitwao CDMA. Katika mtindo huu wasemaji hawagawiwi mawimbi wala zamu; wote husema mara moja, katika mawimbi mamoja, na kila mmoja ana alama yake ambayo mpokeaji huitumia kumchagua miongoni mwa wengine. Wafafanuzi hupenda kuulinganisha na chumba chenye watu wa lugha mbalimbali: asikilizaye Kihehe husikia Kihehe, na Kigogo na Kipare kwake ni mvumo tu. Mlinganisho huu unafaa, na mtu wa lugha atauona upungufu wake upesi. Lugha ngeni haimsumbui msikilizaji mpaka mwenye kuisema awe amemkaribia sikioni. Hapo hata lugha isiyojulikana huizima ile inayojulikana. Ndivyo ilivyo katika mtindo huu: simu iliyo chini ya mnara huweza kuzifunika simu zote zilizo mbali, hata kama alama zao ni mbali mbali. Kwa hiyo sauti zote hazina budi kufika mnarani kwa nguvu sawa, na sharti hilo ndilo lililowafanya wengi wauone mtindo wenyewe kuwa hauwezekani. Qualcomm waliuonyesha hadharani San Diego mnamo Novemba 1989. Kanuni zake zilikubaliwa Marekani katika 1993. Na biashara yake ya kwanza ilifunguliwa Hong Kong mwaka wa 1995. Mnara ulituma amri kwa kila simu mara 800 kwa sekunde, panda au shuka, kila amri desibeli moja. Usawa, uliokuwa shauri la wanahisabati, ukawa sheria ya kazi.

Lakini usawa huo ulifaa kwa sababu watu walikuwa wakizungumza tu. Mazungumzo yana kizingiti: maneno yakisha kufahamika, kuyafanya yafahamike zaidi hakuna faida. Katika miaka ya tisini mitandao ilianza kuchukua barua, picha na hesabu, yaani data, na data haina kizingiti cha namna hiyo. Barua iliyokosewa herufi moja hurudiwa yote. Hakuna kiasi kinachotosha kwa wote, wala hakuna sababu ya kudhani kwamba wote wataka kiasi kimoja. Je, simu ilenge wapi?

Swali hilo lilishikwa na maabara ya WINLAB, iliyoanzishwa katika chuo kikuu cha Rutgers, New Jersey, mwaka wa 1989, na mwanzilishi wake ni yule David Goodman aliyetajwa. Katika 1998 Viral Shah, Narayan Mandayam na Goodman walileta pendekezo, na katika 2000 Goodman na Mandayam wakalieleza kwa upana. Walisema kwamba kipimo cha mafanikio ya simu kiwe idadi ya biti zinazofika salama kwa kila jouli moja ya nishati itokayo katika betri. Kipimo hiki wakakiita kwa jina walilolichukua kwa wanauchumi, ambalo kwa Kiswahili ni manufaa. Hapo palitokea jambo la kuchekesha. Chukua fungu la biti 80. Simu isipotuma kitu kabisa, mpokeaji aweza kubahatisha biti zote 80, na yamkini, kwa bahati iliyo ndogo kupita kusemeka, akapatia. Nishati iliyotumika ni sifuri, na kitu kidogo kikigawanywa kwa sifuri hakina mwisho. Hesabu ilikuwa inasema kwamba simu iliyo bora ni ile inyamazayo ikangoja muujiza. Ikawabidi waandishi wabadilishe kidogo kanuni ya mafanikio ili unyamavu usilipe.

Baada ya marekebisho hayo jibu lilitoka wazi. Kwa fungu la biti 80 na aina ya utumaji waliyoichagua, simu yenye kujitakia faida itautafuta uwiano wa 12.4, wala haitaukwea zaidi. Kwa uwiano huo mafungu kama 92 katika kila 100 hufika sahihi kwa mara ya kwanza, na manane hivi hurudiwa. Msomaji aliyezoea kudhani kwamba utumaji bora ni usio na kosa aitazame namba hiyo. Kuyaokoa yale manane kwataka nguvu ambazo gharama yake yapita faida. Ni nafuu kurudia kuliko kupiga kelele.

Hadi hapa simu imehesabiwa kana kwamba i peke yake. Lakini uwiano wa kila moja wategemea nguvu za nyingine zote, na hapo ndipo WINLAB walipoingiza nadharia ya michezo. Nadharia hii nayo ina ukoo wake. Mfaransa Augustin Cournot, katika 1838, aliwawaza wenye chemchemi mbili za maji ya dawa, kila mmoja akikisia kiasi cha kuuza kwa kutazama kiasi cha mwenziwe. John von Neumann, katika 1928, aliuchunguza mchezo wa watu wawili ambao faida ya mmoja ni hasara ya mwingine, na katika 1944, pamoja na Oskar Morgenstern, akatoa kitabu kikubwa juu ya michezo na uchumi, kilichopigwa chapa Princeton. Mtu wa pwani ayajua yote haya katika ubao wa bao: kete iliyoliwa na huyu imempotea yule. Lakini mambo mengi ya wanadamu si bao. Wawili waweza kupata pamoja au kupoteza pamoja. John Nash, mwanafunzi wa Princeton, alitoa katika 1950 makala mafupi na tasnifu ya kurasa 28 tu, akathibitisha kwamba katika kila mchezo wenye wachezaji na njia zenye idadi, wachezaji wakiruhusiwa kuchanganya njia hizo kwa bahati, pana walau hali moja ambayo hakuna mchezaji awezaye kujipatia zaidi kwa kubadilisha shauri lake peke yake, wenzake wakibaki walipo. Hakusema kwamba hali hiyo ni nzuri. Hakusema kwamba ni ya haki. Alisema tu kwamba ipo, na kwamba mtu akifika hapo hana sababu yake binafsi ya kuondoka.

Katika mchezo wa simu nguvu si njia za kuhesabika bali ni kiasi chochote kati ya sifuri na kikomo, na kwa hiyo uthibitisho ulihitaji nyongeza za watu waliomfuata Nash. Hali yenyewe ilipatikana: kila simu yalenga 12.4, na zote zinaipata ikiwa si nyingi mno na nguvu zao zaruhusu. Matokeo haya yana mshangao wa kwanza. Wachezaji wabinafsi, kila mmoja akitazama betri yake, wamefika pale pale Aein na Zander walipotaka kuwafikisha kwa amri: uwiano mmoja kwa wote. Usawa umerudi kwa mlango wa nyuma.

Mshangao wa pili ni mchungu zaidi. Goodman na Mandayam walithibitisha kwamba, katika hali hiyo hiyo, kama simu zote zingepunguza nguvu kidogo, pamoja na kwa kadiri moja, manufaa ya kila moja yangeongezeka. Sababu yake si ngumu kuifuata. Simu iliyo kileleni mwa manufaa yake, ikishuka hatua moja ndogo, haipotezi kitu cha kuhesabika, maana kilele ni tambarare. Lakini kushuka huko kwawapunguzia kelele wengine wote. Wote wakishuka, kila mmoja hupokea zawadi za wote wengine kwa gharama iliyo karibu na bure. Na hata hivyo hakuna atakayeanza, kwa sababu hatua iletayo faida kwa wenzake kwake haina faida, na wenzake wakisha kushuka, yeye atapata zaidi kwa kupanda. Kwa hiyo wote hubaki mahali ambapo kila mmoja anajua ni pabaya kuliko pengine panapojulikana. Wanauchumi walikuwa na habari za mtego wa namna hii tangu 1950, Merrill Flood na Melvin Dresher walipoutunga mchezo ambao baadaye ulipewa hadithi ya wafungwa wawili.

Dawa iliyoletwa ilikuwa bei. Katika makala ya mwaka 2002, Cem Saraydar, Mandayam na Goodman walipendekeza kwamba katika hesabu ya manufaa ya kila simu ipunguzwe namba fulani kwa kila kadiri ya nguvu iitumiayo. Mnara hutangaza namba hiyo. Simu huihesabu kama gharama. Mchezo huchezwa tena. Walionyesha kwamba mchezo huu mpya una hali za utulivu, pengine zaidi ya moja. Kwamba ile yenye nguvu ndogo kuliko zote ndiyo bora kwa kila mchezaji. Na kwamba simu zikianza chini na kupanda kidogo kidogo huifikia hiyo yenyewe. Bei ikipandishwa taratibu kutoka sifuri, manufaa ya wote huongezeka, mpaka hufika kiasi ambacho bei ikipita hapo walau mmoja huanza kupoteza. Nao waliichagua bei ya hapo.

Lakini itazamwe simu iliyo mbali. Iliyo chini ya mnara hutumia nguvu kidogo, na kwa hiyo bei yaigusa kidogo: itaendelea kulenga karibu na 12.4. Iliyo pembezoni hutumia nguvu nyingi ili ifike, na manufaa yake tangu mwanzo ni haba, kwa kuwa kila biti yaigharimu nishati nyingi. Bei ile ile yaiangukia kwa uzito mkubwa, nayo hulazimika kuridhika na uwiano mdogo. Wote wamefaidika kuliko walivyokuwa, hilo ni kweli na halikanushiki. Ila hawako sawa tena. Ule usawa uliokuwa lengo mwaka wa 1973, na uliorudi bila kualikwa mwaka wa 2000, umeondoka katika 2002, na utulivu umebaki peke yake.

Hili si jambo la wahandisi tu. Mtu atakayetaka kulieleza kwa Kiswahili hukutana nalo katika neno la kwanza kabisa. Hali aliyoithibitisha Nash, kwa lugha nyingi za Ulaya, ina jina lililotokana na mizani, na mfasiri afuataye mizani ataandika msawazo, au kwa ufupi usawa. Ndugu wa neno hilo ni sawa na sawasawa. Na katika masikio ya Mswahili yote haya yabeba maana ya haki: kugawa sawa ni kugawa kwa haki. Mtu atakayesoma kwamba simu zimefikia msawazo atadhani kwamba zimefanyiana uadilifu. Katika mchezo wa mwaka 2000 hataadhirika, kwa sababu uwiano kweli ni mmoja; lakini hiyo ni sadfa ya mchezo ule, si maana ya neno. Katika mchezo wa bei ataadhirika. Neno utulivu, lenye shina la Kibantu la kutulia, lasema kile tu alichokisema Nash: hapa pametulia, hakuna anayesukumwa kuondoka. Mtu aweza kutulia mahali pabaya. Maji hutulia mtoni na hutulia kinamasini. Ukali huu wa maana ndio utakiwao katika istilahi, na ni ajabu kidogo kwamba neno la nyumbani lisilo na mapambo latenda kazi hiyo kuliko lile lenye sura ya kitaalamu.

Neno bei nalo lina hila yake. Bei, kama asili yake ya Kiarabu ionyeshavyo, ni habari ya kuuza. Na sokoni bei ni jambo la watu wawili, huyu ataja, yule apunguza, wakapatana. Namba itangazwayo na mnara haina mapatano. Haileti mali kwa muuzaji, wala senti haitoki mfukoni mwa mtu. Hutangazwa na mwenye mamlaka ili kuwazuia watu wasidhuriane. Kitu cha namna hii Waswahili walikwisha kukipa jina bandarini zamani, nalo ni ushuru. Aliyekitia katika elimu ya uchumi, Mwingereza Arthur Pigou, katika kitabu chake cha mwaka 1920, alikitaja kuwa kodi, juu ya yule awatupiaye wengine madhara asiyoyalipia. Waandishi wa simu walipoliita jambo hili bei walilifanya lionekane kama la soko huria, na simu ionekane kama mnunuzi. Likiitwa ushuru, swali ambalo bei hulificha hujitokeza lenyewe: nani aupanga, na je, wa mbali na wa karibu watozwe kwa kadiri moja? Kanuni ya hesabu haikatazi viwango viwili. Makala ya 2002 yalichagua kimoja, na uchaguzi huo ni wa mtawala, si wa hesabu.

Kuhusu neno mchezo hakuna haja ya kusema mengi. Kiswahili chalitumia kwa ngoma, kwa mpira, kwa bao na kwa maigizo, na maana ya upuuzi iliyomo katika mchezo-mchezo haitamsumbua msomaji aliyekwisha kuona watu wazima wakinuniana kwa ajili ya kete. Lenye kuhitaji hadhari zaidi ni kusema kwamba simu huchagua. Katika mitandao iliyojengwa simu haikuchagua. Iliamrishwa na mnara mara 800 kwa sekunde katika mtindo wa Qualcomm, na mara 1500 katika mtindo wa kizazi cha tatu uliofuata, nayo ilitii. Ubinafsi wa simu ulikuwa katika karatasi. Wapo waliosema kwa sababu hiyo kwamba nadharia nzima ilikuwa anasa ya wanahisabati, na kauli yao si ya kupuuzwa. Lakini imepita kiasi. Nadharia ilifundisha kile ambacho amri zilikuwa zimekificha, yaani kwamba lengo lenyewe lachaguliwa na mtu, na kwamba lengo lililochaguliwa kwa kutazama betri moja moja hupoteza nishati ya wote.

Baada ya 2002 uchunguzi ulienea upesi. Farhad Meshkati, Vincent Poor, Stuart Schwartz na Mandayam, katika 2005, waliuongezea mchezo uchaguzi wa pili: simu ichague nguvu pamoja na namna mnara utakavyoichuja sauti yake kutoka katika kelele. Waliona kwamba mchujo ulio bora huokoa nishati nyingi bila kubadilisha lengo la uwiano. Kila simu bado yalenga pale pale, ila yafika kwa pumzi ndogo zaidi. Wengine walibadilisha kipimo chenyewe. Tansu Alpcan na Tamer Başar, pamoja na wenzao, waliutunga mwaka wa 2002 mchezo ambao ndani yake manufaa hupimwa kwa wingi wa habari na gharama hukatwa kwa kadiri ya nguvu, wakapata hali moja tu ya utulivu, jambo ambalo kanuni ya biti kwa jouli yenye bei haikuliahidi.

Kisha jicho lilihama kutoka kwa simu likaelekea kwenye mnara. Katika 2010 ulianzishwa umoja wa GreenTouch, ukiongozwa na maabara ya Bell, wenye azma ya kuifanya mitandao itumie nishati kwa ubora mara 1000 kuliko ilivyokuwa; ulimaliza kazi yake katika 2015. Kipimo chake kilikuwa kile kile, biti kwa jouli, lakini jouli zilizohesabiwa sasa zilikuwa za mtandao mzima, na sehemu kubwa yake huliwa na minara. Mnara una tabia ambayo simu ya Goodman haikuwa nayo: hula nishati nyingi hata usiku wa manane, wakati hakuna asemaye naye. Mchezo kati ya minara kwa hiyo si wa kupaza sauti na kushusha tu, bali pia wa nani alale na nani akeshe, na anayelala humwachia jirani wasemaji wake. Hapo simu ya pembezoni hukutwa tena na habari ile ile kwa sura nyingine, kwa kuwa mnara wake ukilala, mnara ulio macho u mbali zaidi.